Safari ya Bruges Iliyoitwa Lukafu

Sisi watu wa Lubumbashi tunajua kutangaza. Mtoto akifaulu mtihani wa serikali tunammwagia poda nyeupe kichwani na kumzungusha mtaani tukiimba. Friji mpya tunaishusha garini polepole ili jirani asiye na kazi aione vizuri. Lakini safari ya Ulaya tunaificha kama mimba changa. Leo unamwona mtu anafagia uwanja wake, kesho hayupo, na baada ya wiki kadhaa anatuma picha amevaa koti refu kwenye baridi. Ukimuuliza kwa nini hakuaga, atakuambia kwamba dunia ina macho mabaya. Tabia hii inanikera na nimeisema mara nyingi mbele ya watu, wakanicheka. Tangu yaliyompata Clotilde hawanicheki tena. Ila bado wanaondoka bila kuaga.

Clotilde ni jirani yangu hapa Katuba, ukuta kwa ukuta. Ni mshonaji wa mablauzi ya vitenge, na mkono wake ni mwepesi mpaka wanawake wa mjini wanavuka mitaa yote kuja kwake. Alizaliwa Kenya, si nchi bali komini, yaani tarafa, ya hapa hapa Lubumbashi, katika nyumba ya matofali ambayo baba yake, mtu wa Mitwaba aliyefanya kazi ya reli, aliwaachia alipofariki. Mama yake, Mama Mwenya, alibaki humo na kitindamimba wake, Sylvain. Clotilde alikwenda kumwamkia karibu kila siku, na kama hakwenda, nilijua kwamba mvua imezidi au yeye mwenyewe anaumwa.

Mama Mwenya alipokuwa msichana alifundishwa kushona na masista, na kati yao kulikuwa na mmoja, Godelieve, aliyetoka mji wa Bruges, kule Ubelgiji. Huyo ndiye aliyemfundisha kusuka lesi kwa vijiti na pini juu ya mto. Akiwa anafundisha alisimulia habari za kwao: mji wa zamani sana ambako barabara nyingine ni maji, nyumba zimesimama na miguu ndani ya mto, na bata weupe wenye shingo ndefu wanapita chini ya madaraja. Mama Mwenya alimsimulia Clotilde hayo hayo tangu akiwa mdogo. Clotilde aliniambia kwamba hakuwahi kuyaamini. Alidhani sista alikuwa amekumbuka kwao tu, akatia chumvi.

Mume wake, Adalbert, anauza vipuri vya magari. Ni mtu mpole, haongei sana, anapenda kila kitu kiwe mahali pake. Tatizo lake ni kaka yake Edouard. Miaka ya nyuma Edouard alipata visa, akafurahi, akachinja mbuzi na kuita mtaa mzima tumuage. Siku ya kuondoka akashikwa na tumbo, akalazwa hospitali, na alipopona visa ilikuwa imekwisha muda. Ukoo wote ukasema ni wivu wa watu. Mimi nilimla mbuzi yule, na nawaambia wazi kwamba hakuiva. Lakini nani atanisikia? Adalbert aliapa kwamba yeye, siku yake ikifika, hata paka wa nyumbani hatajua.

Siku ikafika. Chancelvie, mpwa wake Adalbert, ni muuguzi katika mji wa Gand, si mbali na Bruges, na aliwaalika waje kusherehekea miaka thelathini ya ndoa yao. Ilikuwa mwanzo wa mvua, wakati wa kupanda. Adalbert ana shamba la mahindi Lukafu, mbali kijijini, na kule simu inashika pale inapotaka yenyewe. Uongo ukapatikana bila jasho. Wakubwa kwa wadogo waliambiwa: tunaenda Lukafu kupanda, msishangae mkitukosa kwenye simu. Mimi pia niliambiwa hivyo, nikawatakia mvua njema, mjinga mimi.

Mtu mmoja tu aliambiwa ukweli, na Adalbert hakujua. Clotilde alishindwa kumdanganya mama yake. Alikwenda Kenya, akamkuta ameketi mlangoni amenyoosha miguu, maana miguu ilikuwa imeanza kuvimba tangu mwaka uliopita na daktari alisema ni moyo umechoka.

"Ba mama, niko na neno ya kukuambia. Lakini usiambie muntu."

"Uko na mimba?" Mama Mwenya akauliza.

"Mama! Na hii miaka yangu?"

"Basi sema. Unaniogopesha."

"Hatuende Lukafu. Tunaenda Bulaya, kwa Chancelvie. Na ku Bruges tutafika."

Mama Mwenya akashika mashavu ya binti yake kwa mikono miwili, kama mtu anayetaka kuona vizuri.

"Bruges ya masere Godelieve?"

"Njo ile, mama," Clotilde akakubali.

"Uende, mwanangu. Uende uone kama iko vile alisema. Miye sitasema kintu."

Clotilde aliangalia ile miguu, akasema labda asiende, labda Adalbert aende peke yake. Mama yake akamfukuza kwa kumpiga na ncha ya kitenge, wote wawili wakacheka. Kabla hajaondoka, Clotilde aliingiza namba ya Chancelvie katika simu ndogo ya mama yake, akaiandika kwa jina la sista, Godelieve, ili Sylvain akiiona asiulize. Sista alikuwa ameshakufa zamani; nani angepiga simu kwa marehemu? Akamwonyesha mama yake kitufe: "Kama kuko kintu chochote, ufinye hapa."

Wakaenda.

Yaliyotokea kule Clotilde amenisimulia mara nyingi, na kila mara anasimulia kama mtu anayesaka mahali alipoangusha kitu. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Chancelvie aliwapeleka Bruges kwa treni, Adalbert amevaa sweta juu ya sweta mpaka mikono haishuki. Walitembea juu ya mawe ya barabara, wakaangalia nyumba zilizochongoka juu kama ngazi, farasi wanaovuta magari, na mnara mkubwa wa sokoni ambao kengele zake zinapiga wimbo mzima. Kisha wakafika ukingoni kwa maji. Zilikuwepo boti za mwisho kabla ya baridi kufunga kazi, wakapanda. Boti ilipopita chini ya daraja, wale ndege weupe wakatokea upande wa pili, kimya, wameinua shingo.

Clotilde alilia hapo hapo, mbele ya wazungu. Akasema kwa nguvu, "Masere hakusema bongo!", yaani sista hakusema uongo. Adalbert, ambaye hapa Lubumbashi hawezi kumshika mke wake mkono hata kuvuka barabara, akamshika mkono na hakuuachia mpaka boti ikarudi. Clotilde anasema kwamba katika miaka yote thelathini hakuwahi kumwona mume wake akiwa mwepesi namna ile. Alitania, alitaka kupigwa picha, aliwasalimu farasi kwa Kiswahili. Walikuwa na furaha. Nataka mjue hilo, kwa sababu baadaye watu waliongea kana kwamba walikwenda kule kufanya dhambi.

Waliingia kanisani kusali, na Clotilde akamtaja mama yake. Kutoka hapo Chancelvie akawapeleka kwenye nyumba wanakofundisha kusuka lesi. Bibi mmoja wa Kizungu, mzee kabisa, alikuwa ameketi na mto magotini. Vijiti vilikuwa vinapishana vidoleni mwake na kugongana, tiki tiki tiki, mlio mdogo mkavu. Clotilde akasimama pale. Ulikuwa ndio mlio wa jioni za utoto wake, wakati baba amelala na mama bado anamalizia kitambaa cha altare ya parokia. Vijiti vya mama yake vilikuwa vya mti wa kawaida alivyochonga mwenyewe, lakini mlio ni ule ule, na mkono ulikwenda vile vile, wa kulia juu ya wa kushoto, halafu pini.

Akamwomba Adalbert: nataka kumpigia mama, kidogo tu, asikie.

"Hapana, Clotilde. Namba ya Bulaya itaonekana. Sylvain eko pale. Akiiona, Kenya yote itajua mbele jua ilale."

"Asikie tu hii sauti. Hata sitasema neno."

"Utamuelezea tukirudi. Tumebakiza kidogo. Usituharibie."

Simu ya Chancelvie ilikuwa mfukoni mwake, hatua moja kutoka kwa Clotilde. Namba yake ingetokea kwa jina la Godelieve na Sylvain asingeshtuka hata kidogo. Clotilde alijua hivyo. Ilitosha aseme, "Mama anajua." Maneno mawili. Lakini kuyasema kulikuwa kumwambia mume wake kwamba alimzunguka, siku hii ambayo amekuwa mwepesi, siku hii ambayo amemshika mkono. Akameza maneno yake, akatabasamu, wakaenda kula viazi.

Hapa ndipo ninapomkasirikia Adalbert, halafu namkasirikia Clotilde, halafu nakumbuka kwamba hata mimi ningefanya vile vile, hasira inaniishia, nabaki na huzuni tu. Kwa sababu saa ile Mama Mwenya alikuwa kitandani. Maji yalikuwa yamepanda kutoka miguuni mpaka tumboni, pumzi ilikuwa fupi, lakini alikuwa bado anaongea. Angesikia.

Walirudi siku chache baadaye. Uwanja wa ndege wa Luano, wakisubiri masanduku, Adalbert alirudisha laini yake ya Kongo ndani ya simu. Simu ikaanza kutetemeka mkononi mwake na haikutaka kuacha. Ujumbe wa kwanza wa Sylvain kwa dada yake, yaya kama tunavyomwita dada mkubwa, ulisema: *Yaya, mama anagonjwa, mukuye.* Mwingine: *Yaya, mukuye mbiyo.* Mwingine: *Mama hakuko tena.* Na wa mwisho: *Tulimingojea. Njia ya Lukafu imekatika na mvua. Tumezika jana.*

Clotilde alikaa chini, sakafuni, katikati ya watu wanaovuta masanduku yao.

Mimi nilikuwa nimetoka kiliyoni, kama tunavyoita msiba kwetu, kwa Mama Mwenya, nilikuja kuwapikia watoto wangu. Nikaona teksi inasimama. Nikamwona Adalbert anashusha masanduku makubwa yenye karatasi za ndege, na Clotilde amevaa koti ambalo halijawahi kulima shamba lolote la Lukafu. Nilielewa mara moja. Niwe mkweli, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni hasira.

"Mama Ariel," Adalbert akaniambia kwa sauti ya chini, "tafazali. Haukuona kintu."

"Sikuona kintu," nikajibu. Ningesema nini?

Clotilde alipita bila kuniona. Alipotoka tena ndani alikuwa amevaa kitenge kilichopauka, kilemba cheusi na kandambili. Adalbert alikuwa amemwambia kwamba watasema walikuwa Lukafu, kwa sababu sasa hakuna njia nyingine. Ukisema kwamba mama yako amekufa wewe ukiwa unaangalia ndege majini, nani atakusamehe? Nikaenda nao.

Kule Kenya turubai lilikuwa bado limefungwa na wanawake wameketi kwenye mikeka. Walipomwona binti mkubwa wa marehemu wakaanza kilio upya, wakampokea, wakamwangusha kati yao. Clotilde alilia mpaka sauti ikakauka. Sylvain hakuinuka kwenye kiti chake. Alingoja anyamaze, ndipo akasema, watu wote wakisikia:

"Yaya, ulipenda mahindi kupita mama?"

Hakuna aliyemkemea. Wengi walikuwa na swali hilo hilo midomoni.

"Nilitaka kukamata moto niende kukuita," akaendelea; moto kwetu ni pikipiki. "Mama akakatala. Asema njia ni mubaya, asema nitakufa. Kisha mvua ikakata njia kweli. Nikatuma neno kwa shofa wa kamyo ya mizigo. Neno ilifika?"

"Haikufika," Adalbert akajibu. Macho yake yalikuwa kwenye viatu.

"Mutoto wa kwanza. Tumemuzika mama bila mutoto wa kwanza, juu ya mahindi."

Nilikuwa nimeketi nyuma ya Clotilde, nikaona mabega yake yanavyopokea kila neno. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa amekata shauri kuyabeba yote. Wamwite mchoyo, wamwite mtoto asiye na moyo, atavumilia. Aliona ni haki yake.

Ndipo mama mdogo wake, Léa, akasogea karibu. Léa ni mdogo wake marehemu, wa mwisho kati ya dada zao, na ndiye aliyemuuguza. Hakuwa na hasira. Alitaka tu kumsimulia binti jinsi mama yake alivyokwenda, kama inavyopasa.

"Hakuteseka sana," akasema. "Pumzi tu njo ilikuwa inapungua. Na ile telefone yake, alikuwa anaishika mu mukono, hapa, mangaribi na asubui. Sylvain alitaka kuikamata apigie bantu. Akakatala. Akaiweka chini ya mugongo, akailalia."

Clotilde akainua kichwa.

"Tulimuambia: tunatuma muntu mwingine kwa Clotilde. Hata kwa miguu. Akashika mukono yangu. Akasema: 'Mumuache Clotilde atembee.'" Léa akatikisa kichwa. "Nikamuambia, dada, Clotilde haiko kutembea, eko analima. Akaniangalia murefu. Akasema: 'Njo. Eko analima.' Kisha hakusema tena neno. Mpaka mwisho."

Wanawake wakaguna kwa huruma. Kwetu kutembea ni starehe, ni kwenda kuona mahali na watu. Hakuna anayeshika jembe na kusema anatembea.

"Ugonjwa," mmoja akasema. "Ulikuwa umeshamupotezea kichwa."

"Hata mama yangu alimaliza vile," akasema mwingine. "Alikuwa anatuita majina ya bantu benyewe hatuwajue."

"Njo vile," Léa akasema na kufuta macho. "Dada yangu alikuwa na akili ya kukata kisu. Lakini ku mwisho ilimukimbia. Tumuombee."

Clotilde akainuka. Mtu alijaribu kumrudisha chini, akamsukuma. Adalbert alikuwa ameona uso wake, akaanza kuja upande wa wanawake, akisema, "Clotilde, Clotilde," lakini alichelewa.

"Mama hakupotea kichwa," akasema.

"Mwanangu, ikala," Léa akambembeleza akae.

"Hakupotea! Musiseme vile tena, hata siku moja. Miye sikukuwa Lukafu. Nilikuwa Bulaya, ku Bruges, ninatembea. Mama alijua. Yeye peke yake njo nilimuambia. Ile neno ilimutoroka, kisha akairudisha. Alikuwa ananificha, mama mudogo. Mpaka mwisho alikuwa ananificha."

Adalbert alisimama katikati ya mikeka, anamwangalia mke wake mdomo wazi. Hata yeye alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza kwamba mama mkwe alijua. Nadhani alikumbuka yule bibi na vijiti vyake, kwa maana alifunika uso kwa mkono.

Léa alikuwa anajirudia kwa sauti ndogo, "Na miye nikamubishia. Na miye nikamubishia."

Sylvain ndiye aliyeinuka sasa. Nilidhani atampiga. Alikuja mpaka mbele ya dada yake, akauliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu:

"Ile telefone alikuwa analalia. Namba yako ilikuwa ndani?"

"Ilikuwa ndani," Clotilde akasema. "Nilimuonyesha pa kufinya. Hakufinya."

Sylvain akakaa mkekani, miguuni pa dada yake, akaanza kulia.